Majeraha ya Milipuko ya Baharini kwa Wanajeshi: Tiba na Uandishi wa Misimbo

Mlipuko utokeapo baharini hudhuru mwili kwa namna isiyoonekana daima kwa macho. Tarehe 6 Juni 1942, katika mapigano ya Midway, manowari ya Marekani USS Hammann ilipigwa kwa topido na nyambizi ya Kijapani. Ilipokuwa ikizama, mlipuko mkubwa chini ya maji uliwaua mabaharia wengi waliokwisha kuiacha meli na kuelea baharini. Yafuatayo yanaeleza sababu ya hatari hiyo, tiba inayostahili, na jinsi majeraha ya aina hii yanavyoandikwa katika kumbukumbu za hospitali.

Namna mlipuko unavyojeruhi

Hewa hubonyea kwa urahisi, maji hayabonyei. Kwa hiyo wimbi la mgandamizo husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi ya sauti hewani, tena hufika mbali kabla ya kupungua nguvu. Wimbi hilo hupenya nyama ya mwili bila kizuizi kikubwa, na madhara yake makuu hutokea pale linapokutana na hewa: katika mapafu, utumbo na masikio. Mtu aweza kukosa hata mchubuko, ilhali utumbo wake umepasuka.

Aliye melini hupatwa na madhara mengine. Sitaha husukumwa juu ghafla, ikavunja visigino, miguu au uti wa mgongo. Katika vyumba vilivyofungwa wimbi hurudi kutoka ukuta hadi ukuta, na majeruhi huongezewa vipande vya chuma, moto na moshi.

Tiba

Hatua ya kwanza ni kuzuia damu inayomwagika kwa wingi, kisha kuhakikisha njia ya hewa iko wazi na kumpa majeruhi oksijeni. Aliyetolewa majini avuliwe nguo zilizolowa na apatiwe joto, kwa kuwa mwili uliopoa hugandisha damu kwa shida. Kikohozi chenye damu, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni dalili za mapafu yaliyojeruhiwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, maji ya mshipani hutolewa kwa kadiri, na mashine ya kupumulia hutumiwa kwa uangalifu ili hewa isisukumwe kuingia katika damu.

Kiwambo cha sikio kilicho kizima si uthibitisho kwamba viungo vya ndani vi salama. Utumbo nao waweza kutoboka saa nyingi, hata siku kadhaa, baada ya tukio. Kwa sababu hiyo tumbo hupimwa tena na tena.

Uandishi wa misimbo

Nchini Marekani hospitali hutumia uainishaji uitwao ICD-10-CM. Jeraha lenyewe huandikwa kwanza. Msimbo wa chanzo cha nje hufuata, wala hauandikwi kamwe mahali pa kwanza. Kundi la Y36 ni la vita. Y37 ni la shughuli za kijeshi wakati wa amani, yakiwemo mazoezi. Y38 ni la ugaidi, na hutumika pale tu serikali ya nchi hiyo inapokuwa imelitambua tukio kuwa la ugaidi. Kwa utaratibu huo, majeruhi wa Hammann wangeingia Y36. Mlipuko wa mzinga katika USS Iowa, uliowaua watu 47 tarehe 19 Aprili 1989 wakati wa mazoezi, ungeangukia Y37. Shambulio la USS Cole huko Aden, Oktoba 2000, lililowaua mabaharia 17, lingekuwa chini ya Y38.

Mfano ni Y37.040A. Tarakimu ya 0 baada ya nukta huonyesha silaha za baharini, 4 ni topido, na 0 inayofuata ni mwanajeshi. Raia hupewa 1. Herufi ya mwisho hukosewa mara nyingi. A haimaanishi ziara ya kwanza tu, bali kipindi chote cha matibabu ya kuponya jeraha. D ni kipindi cha kupata nafuu, na S ni madhara yaliyobaki baadaye, kama vile uziwi.

Tofauti hizi zina uzito. Baharia anayepoteza usikivu miaka kadhaa baadaye huhitaji jalada linalounganisha hali yake na tukio lile. Lililoandikwa “jeraha la tumbo” pasipo chanzo halimsaidii yeye, wala daktari atakayempokea.

Kwa raia wa pwani

Wimbi la majini halichagui sare. Mvuvi au mpiga mbizi aliyekuwa karibu na mlipuko wa baruti ya kuvulia samaki anaweza kuumia vivyo hivyo, ingawa kumbukumbu yake haiingii katika makundi ya kijeshi. Mgonjwa huyo aeleze bila woga: alikuwa ndani ya maji au chomboni, umbali gani na mlipuko, kichwa kilikuwa juu au chini ya maji. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, arudi hospitalini mara moja apatapo maumivu ya tumbo, kutapika, choo chenye damu au kupumua kwa shida.