Tangaza Mzigo Kabla Meli Haijafika: Mwongozo kwa Waagizaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Kasha linapoteremshwa Kipevu, waagizaji wengi wadogo hudhani hapo ndipo shughuli za forodha huanza. Ukweli ni kwamba wakati huo maafisa wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) tayari wana orodha ya kila kilichomo melini, jina la mwenye mzigo na nambari ya lakiri iliyofunga kasha. Mwenye mzigo anayesubiri simu ya wakala ndipo atafute karatasi huwa amechelewa, na kila siku ya kuchelewa ina bei yake.

Makala haya yanaeleza kanuni za kutangaza mzigo mapema, sababu zilizozileta, na hatua ambazo mfanyabiashara wa Mtongwe, Bamburi au Port Reitz anapaswa kufuata ili bidhaa zake zisikwame.

Kwa nini taarifa inatakiwa mapema

Kanuni hizi zilienea duniani baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Nchi hiyo ilianza kudai taarifa za kila kasha saa 24 kabla halijapakiwa kwenye meli inayoelekea huko. Julai 1, 2004 kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, ISPS, zilianza kutumika, na Kilindini ni miongoni mwa bandari zinazozifuata. Mwaka 2005 Shirika la Forodha Duniani lilipitisha mwongozo wa SAFE, unaozitaka idara za forodha kupokea taarifa za mizigo kwa njia ya kielektroniki kabla haijawasili, ili mizigo yenye shaka itambuliwe mapema na mingine ipite haraka.

Kwetu Mombasa jambo hili halina umbali. Mwaka 2015 maafisa wa Singapore walinasa takriban tani 3.7 za pembe za ndovu ndani ya makasha yaliyotoka Mombasa. Hati zilisema ni majani ya chai.

Upo pia upande wa usalama wa wakazi. Agosti 4, 2020 takriban tani 2,750 za amonia nitrati zililipuka katika bandari ya Beirut, Lebanon, na kuua zaidi ya watu 200. Shehena hiyo ilikuwa imekaa ghalani kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata, meli ya X-Press Pearl iliteketea karibu na Colombo, Sri Lanka, baada ya tindikali kuvuja kwenye kasha. Chembechembe za plastiki zilijaa ufuoni na wavuvi wakazuiwa kwenda baharini.

Chini ya Katiba ya 2010, forodha ni kazi ya Serikali Kuu, lakini kuzima moto na kukabiliana na majanga ni kazi ya kaunti. Mzimamoto anayeitwa usiku kwenye yadi ya makasha Changamwe hawezi kuchagua kati ya maji na povu ikiwa hati inasema "vifaa vya nyumbani" na ndani mna kemikali. Ndiyo maana tamko la kweli ni kinga kwa majirani wa bandari kabla ya kuwa suala la ushuru.

Nani hutangaza nini

Matangazo ni mawili, na wengi huyachanganya.

La kwanza ni la meli. Wakala wa kampuni ya meli huwasilisha manifesti, yaani orodha ya shehena yote, kwa KRA kupitia mtandao kabla meli haijawasili. Habari zilizomo hutokana na alichoandika muuzaji wako ng'ambo. Akiandika jina lako vibaya au maelezo ya jumla kama "bidhaa mchanganyiko", kosa hilo hufika forodhani kabla yako. Marekebisho huombwa kupitia wakala wa meli na lazima KRA iyakubali, na muda unaopotea ni wako.

La pili ni lako wewe mwenye mzigo, na hupelekwa na wakala wa forodha mwenye leseni. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu tamko hili kuwasilishwa kabla meli haijafika. Wengi hawaitumii nafasi hiyo, ilhali ndiyo inayookoa fedha.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kulipa muuzaji, hakikisha bidhaa inaruhusiwa na inahitaji kibali gani. Mimea na mbegu huhitaji kibali cha KEPHIS kabla ya kusafirishwa. Dawa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Gari lililotumika lisiwe limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe upande wa kulia.

2. Pata nambari ya utambulisho wa shehena, UCR, kupitia mfumo wa KenTrade ulioanza kutumika mwaka 2014, kisha fomu ya tangazo la uagizaji, IDF. Utahitaji PIN ya KRA na ankara ya awali ya muuzaji.

3. Bidhaa zikaguliwe huko zinakotoka. Mpango wa Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) wa kukagua bidhaa kabla ya kusafirishwa umekuwapo tangu 2005. Bila cheti cha ubora, bidhaa huwa hatarini kukataliwa au kukaguliwa upya hapa kwa gharama yako.

4. Mwombe muuzaji nakala ya hati ya shehena, maarufu B/L, kabla haijatolewa rasmi. Linganisha jina, PIN, idadi ya vifurushi, uzito na maelezo ya bidhaa na yaliyo kwenye ankara na orodha ya upakiaji. Kosa likionekana kabla meli haijang'oa nanga, hurekebishwa kwa urahisi.

5. Mkabidhi wakala hati zote meli ikiwa bado safarini. Thibitisha kwanza kwa KRA kwamba leseni yake ni halali mwaka huu.

6. Tenga fedha mapema. Ada ya IDF ni asilimia 2.5 ya thamani ya forodha, na ushuru wa maendeleo ya reli ni asilimia 2. Kwa mzigo wa thamani ya Sh200,000, hizo ni Sh5,000 na Sh4,000. Ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 huhesabiwa kando.

Wanaoshiriki kasha moja

Wauzaji wengi wa Kongowea na Kisauni huagiza kutoka Dubai au Uchina kwa kushiriki kasha moja. Njia hii hupunguza nauli, lakini ina mtego. Tuseme watu 15 wameshiriki kasha, na mmoja ameficha simu ndani ya marobota ya nguo. Kasha likipita kwenye mashine ya kukagua na picha isilingane na hati, litafunguliwa lote, na wale 14 wengine watasubiri pamoja naye.

Mtake msafirishaji aandike kila mwenye mzigo kwa jina na PIN yake, na akupe hati yako mwenyewe. Asiyekubali kukupa hati amekuweka katika hali ambayo hutaweza kuthibitisha kwamba mzigo ni wako.

Kwa jamaa wanaotumiwa masanduku na ndugu walio Ghuba, tamko linatakiwa vilevile, hata kama ni zawadi. Andikeni kila kitu kilichomo. Mkazi anayerudi nyumbani moja kwa moja baada ya kuishi nje kwa angalau miaka miwili anaweza kuomba msamaha wa ushuru kwa vifaa alivyovitumia, lakini hasamehewi kutangaza.

Gharama ya kukaa kimya

Sheria inatoa siku 21 tangu upakuaji uanze. Baada ya hapo mzigo usiotangazwa huweza kupelekwa ghala la forodha. Ukikaa humo siku 30, KRA hutangaza notisi, na zikipita siku 30 nyingine mzigo huhesabiwa kuwa umetelekezwa na unaweza kupigwa mnada. Muda huo wote gharama za kuhifadhi na za kuchelewesha kasha huendelea kupanda, na mara nyingine huzidi thamani ya bidhaa zenyewe.

Kutoa hati au maelezo ya uongo ni kosa la jinai. Kifungu cha 203 kinaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Kusema "ni wakala aliyeandika" hakukuondolei lawama, kwa maana sheria hiyo humwajibisha mwenye mzigo kwa matamko ya wakala aliyemtuma. Soma tamko lako kabla halijawasilishwa, na uhifadhi nakala.

Pa kuuliza

Afisi za Kaunti hushughulikia leseni za biashara na masoko. Hazitozi ushuru wa forodha wala hazitoi mizigo bandarini, kwa hivyo mtu yeyote anayedai fedha kwa jina la Kaunti ili "akutolee kasha" asilipwe. Maswali ya ushuru na leseni za mawakala yapelekwe KRA, ya UCR na vibali KenTrade, na ya cheti cha ubora KEBS. Ulizeni kabla ya kuagiza, maana baada ya meli kufunga gati swali hilohilo huulizwa huku gharama zikihesabiwa.