Kenya: Malisho Yenye Mpango ni Ngao ya Amani

Wahenga walisema: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika nyanda kame za kaskazini ya Kenya mara nyingi mambo huanzia upande wa pili. Nyasi huumia kwanza, na fahali hupigana baadaye.

Mwezi Februari 2023 serikali ya Kenya iliamuru jeshi lishirikiane na polisi kupambana na wezi wa mifugo wenye silaha katika kaunti sita, zikiwamo Turkana, Baringo, Samburu na Laikipia. Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Machi 2017, wakati wa ukame, jeshi lilipelekwa pia Laikipia baada ya wachungaji wenye bunduki kuingiza makundi ya ng'ombe katika mashamba ya watu. Ni kweli kwamba ujambazi, biashara ya silaha na siasa vina sehemu yake katika ghasia za namna hiyo. Lakini askari atumwaye katika nyanda hizo wakati wa ukame hukuta pia ardhi tupu isiyo na jani, na watu wanaogombea kile kidogo kilichosalia. Yampasa basi aelewe jinsi ardhi inavyofikia hali hiyo.

Jani ndilo jiko la mmea. Ng'ombe alilapo, nyasi hutumia akiba iliyowekwa katika mashina na mizizi ili kuchipua upya. Zikipewa muda, hurudisha akiba hiyo na mizizi hupata nguvu. Lakini ng'ombe akirudi kung'ata chipukizi mapema, tena na tena, mizizi hufupika na mwishowe mmea hufa. Udongo ulioachwa wazi huchomwa na jua, na uso wake hugeuka gamba gumu. Mvua ikinyesha, maji hayapenyi ardhini, bali hutiririka na kuchukua udongo, yakaacha makorongo. Hata mwaka wenye mvua ya kutosha huweza kuwa mwaka wa njaa kwa mifugo.

Adui basi si ng'ombe. Kosa ni kurudi mapema mno mahali pale pale. Mifugo ikikaa mahali kwa muda mfupi kisha ikaondolewa, huacha samadi, na kwato zake hulivunja lile gamba. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa faida ya kwato katika nchi kame, lakini wanakubaliana kwamba majani yaliyokwisha kuliwa yanahitaji mapumziko.

Waborana wa Isiolo walilijua jambo hili zamani. Utaratibu wao uitwao dedha, unaosimamiwa na wazee, hugawa nchi katika sehemu tatu: malisho ya masika, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba kwa mwaka wa ukame. Mvua ikinyesha na maji yakapatikana kila mahali, mifugo huhamishiwa mbali na visima na mto Ewaso Ng'iro, ili majani ya huko yapumzike. Msimamizi wa kisima, aitwaye aba herega, hupanga zamu za kunywesha. Mgeni huomba ruhusa kabla ya kuingiza mifugo yake, na avunjaye kanuni huadhibiwa.

Utaratibu huo uliwahi kupata pigo kubwa. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, wakazi wengi wa Isiolo walikusanywa katika makambi, kama yale ya Garba Tulla na Merti, na mifugo mingi mno ikapotea. Mfugaji aliyezuiwa kuhama hawezi kuifuata mvua, wala hawezi kuyapumzisha majani. Hilo ni fundisho kwa kila chombo cha ulinzi: njia ya mifugo ikifungwa bila kuwauliza wenyeji, operesheni ya leo huweza kupanda mbegu ya ugomvi wa kesho.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imezipa jamii za Kenya nafasi ya kusajili ardhi zao na kujiwekea kanuni za kuitumia. Sheria peke yake haioteshi majani. Huhitaji wazee wanaosikilizwa, majirani wanaokubaliana, na askari anayetofautisha mwizi mwenye bunduki na mchungaji anayetafuta maji.

Jambo hili halipo mbali na Tanzania. Wamaasai wanaishi pande zote mbili za mpaka, nao wana desturi ya kutenga alalili, malisho ya akiba kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu wakati wa kiangazi. Askari alindaye amani katika nchi ya wafugaji hana budi kujua mahali kama hapo palipo, na kuwasikiliza wazee wanapolalamika kwamba pameingiliwa. Lalamiko hilo likipuuzwa, huenda siku ya pili likaletwa na watu waliochukua silaha.