Tuyapime Mafungu ya Rufiji kwa Picha

Tangu zamani manahodha wa Mafia, waingiapo milango ya Rufiji, hutia bildi wapate kujua kina cha maji. Lakini bildi hupima mahali pamoja tu, na fungu la mchanga lililokuwapo mwaka jana huenda mwaka huu limehama.

Siku hizi iko njia ya kulipima fungu zima kwa picha. Maji ya bamvua yakisha kupwa, ndege ndogo isiyo na rubani hurushwa juu yake, ikapiga picha nyingi, kila mahali pakionekana katika picha kadhaa. Kama macho yetu mawili yatambuavyo umbali wa kitu, ndivyo kompyuta izilinganishavyo picha hizo na kupata kimo cha kila sehemu. Alama zilizopimwa na wapima ardhi huwekwa chini ili hesabu iwe sahihi. Sura za miaka miwili zikilinganishwa, hujulikana mchanga kiasi gani umeongezeka au umeondoka.

Njia hii ina mipaka yake. Kamera haioni ndani ya maji ya tope. Hapo bildi ingali na kazi yake. Hata maji maangavu hudanganya: kina cha mita 4 huonekana kama mita 3, jambo alijualo kila achomaye samaki kwa mkuki.

Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, la mradi wa umeme wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji. Taifa linauhitaji umeme huo. Lakini bwawa hunasa mchanga na tope, na hayo ndiyo yaliyoijenga delta ya Rufiji na kuistawisha mikoko, yalimo malezi ya kamba.

Tusipopima sasa, baada ya miaka 10 mvuvi atasema pwani imeliwa, ofisa atasema haikuliwa, na hapana atakayeweza kumsadikisha mwenzake.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2016 ndege za namna hiyo ziliruka juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za ramani. Twaishauri Serikali iyapige picha mafungu ya Rufiji kila mwaka, mahali pale pale na kwa maji yale yale, wavuvi waulizwe wapi pa kuanzia, na matokeo yabandikwe katika ofisi za vijiji, bara na kisiwani.