Regulata mbovu inavyoipotosha shabaha ya bunduki ya hewa

Mpiga shabaha anapokosa, lawama ya kwanza huuangukia mkono wake, na ya pili jicho lake. Kwa anayetumia bunduki ya hewa, lawama hizo pengine hazimstahili. Ndani ya bunduki hiyo mna kifaa kidogo ambacho kikianza kuchakaa huihamisha risasi hata kama mpigaji hakukosea lolote. Kifaa hicho ni regulata, yaani kidhibiti cha shinikizo la hewa.

Katika Buteba, kaunti ndogo ya wilaya ya Busia nchini Uganda iliyo mpakani na Kenya, neno hilo si geni kwa anayepikia gesi. Regulata hukaa juu ya mtungi na kuipunguza nguvu ya gesi kabla haijafika jikoni. Ile ya bunduki hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa nguvu kubwa zaidi na kwa usahihi ambao jiko halihitaji kamwe. Mtungi wa bunduki ya mashindano hujazwa hewa hadi takriban baa 200, shinikizo linalokaribia mara 80 ya lile la tairi la gari dogo. Regulata huiruhusu hewa hiyo ipite kidogo kidogo hadi kwenye chemba iliyo nyuma ya risasi. Chemba inapofikia kiwango kilichopangwa, tuseme baa 70, shinikizo lake huisukuma pistoni ndogo dhidi ya springi, nayo hufunga njia. Triga ikivutwa, hewa ya chemba pekee ndiyo huisukuma risasi. Hivyo risasi ya kwanza na ya hamsini hutoka kwa nguvu moja, ingawa mtungi unaendelea kupungua.

Thamani ya milimita moja

Katika mashindano ya kimataifa ya mita 10, risasi ina upana wa milimita 4.5, na nukta ya kumi katikati ya shabaha ina kipenyo cha nusu milimita tu. Risasi ikitoka kwa mwendo wa mita 175 kwa sekunde, mvuto wa dunia huishusha takriban milimita 16 kabla ya kufika. Vilengeo vya bunduki hurekebishwa kwa hesabu hiyo. Sasa regulata ilegee kidogo, mwendo upungue hadi mita 170: risasi itashuka milimita 17. Kwa macho ya mtazamaji milimita hiyo moja si kitu. Kwenye ubao wa matokeo inaweza kuwa pungufu ya pointi 0.4, nazo fainali huweza kuamuliwa kwa pointi 0.1.

Ugonjwa unaojulikana zaidi ni shinikizo kupanda polepole. Punje ya vumbi au mkwaruzo kwenye kiti cha vali huiacha hewa ipenye hata baada ya regulata kudhaniwa imefunga. Bunduki ikipumzishwa nusu saa, chemba huwa imejaa kupita kiasi. Risasi ya kwanza huruka juu, zinazofuata hurudi mahali pake, na mpigaji hujilaumu kwamba hakuwa ametulia. Katika baadhi ya bunduki mambo huwa kinyume: shinikizo likizidi sana, nyundo hushindwa kuifungua vali ipasavyo, na risasi hutoka ikiwa dhaifu. Ndiyo sababu kutazama alama kwenye karatasi peke yake hakutoshi kuitambua hitilafu. Kipimo cha haki ni kifaa cha kupimia mwendo wa risasi: hupigwa kadhaa mfululizo, bunduki huachwa nusu saa, kisha hupigwa nyingine na tarakimu kulinganishwa.

Wakati mwingine, hata hivyo, regulata huwa nzima na kosa huwa la mwenye bunduki. Mtungi ukishuka chini ya kile kiwango cha baa 70, hakuna tena cha kudhibitiwa, na kila risasi itakuwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Geji itazamwe kwanza, kabla ya kumtafuta fundi.

Unyevu wa mpakani

Hali ya hewa ya ukanda huu, usio mbali na Ziwa Victoria, huongeza tatizo. Katika mvua za Machi hadi Mei hewa hujaa unyevu. Ikibanwa kwa pampu hadi baa 200, sehemu kubwa ya mvuke uliomo hugeuka maji, na maji hayo huingia mtungini pamoja na hewa. Hukwangua chuma kwa kutu, na chembe za kutu huishia palepale kwenye kiti cha vali. Pampu yenye chujio la kunyonya unyevu husaidia, mradi dawa ya chujio ibadilishwe ikilowa.

Fundi anayetengeneza regulata za jikoni asipewe kazi hii, hata awe hodari kiasi gani. Kufungua sehemu yenye hewa ya baa 200 kunaweza kumwua aliyeishika. Vilevile, grisi ya kawaida ya gari ikikutana na hewa iliyobanwa kiasi hicho yaweza kuwaka. Pete za mpira hupakwa silikoni.

Mshale unapopotea

Kuna bunduki za gesi ambazo kukosa kwake hakupimwi kwa pointi. Madaktari wa wanyamapori wa Uganda na Kenya hutumia bunduki zinazorusha mishale yenye dawa ya usingizi. Mmoja wa waasisi wa kazi hiyo katika Afrika Mashariki, Toni Harthoorn, aliandika kitabu chake The Flying Syringe mwaka 1970. Mshale ni mzito na huenda polepole. Ukirushwa kwa mita 60 kwa sekunde kuelekea mnyama aliye mita 30 mbele, hushuka zaidi ya mita moja. Mwendo ukipungua kwa mita 5 tu, hushuka sentimita 23 zaidi. Uliolengwa pajani hupita chini ya tumbo. Shinikizo likizidi, mshale huweza kuipasua misuli au kuvunja mfupa.

Dawa ya etofini, inayotumiwa kwa tembo na vifaru, ni hatari kwa binadamu hata kwa kiasi kidogo mno. Mshale uliokosa ukabaki majanini waweza kuokotwa na mtoto anayechunga ng'ombe. Kwa hiyo mishale iliyorushwa huhesabiwa, na uliokosa hutafutwa kabla ya kikosi kuondoka.