Ubao, kasia na watoto wetu: wapi pa kwenda ziwani Bukavu

Likizo kubwa ikifika, watoto wa Bukavu wanakimbilia ziwa, tutake tusitake. Siku hizi wapo wanaotamani pia mchezo wa kusimama juu ya ubao mpana na kupiga kasia. Kwetu si jambo geni sana: wavuvi wa Kivu wanasimama mtumbwini tangu zamani. Sisi wamama tuulize tu: waende wapi, na kwa masharti gani?

Mji wetu umejengwa juu ya ncha za nchi zinazoingia ziwani: La Botte, Nyofu, Muhumba, Nguba. Maji yaliyo katikati ya ncha hizo yamekingwa na upepo, na hapo ndipo panafaa kwa anayejifunza. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya ukingo imezungushiwa kuta. Mama mmoja akiomba kupita anafukuzwa. Kikundi cha wamama ishirini kinasikilizwa. Twende pamoja.

Kuna mahali pa kukataza kabisa. Pa kwanza ni pale Ruzizi inapotoka ziwani, mpakani na Rwanda, kwa sababu maji yanavuta. Pa pili ni karibu na bandari: boti za Goma na Idjwi zinaleta mawimbi, na nahodha hamwoni mtoto aliye chini yake.

Wengine wanaogopa gesi. Ni kweli Kivu imebeba gesi nyingi, lakini imelala chini sana, katika ziwa lenye kina cha karibu metre 480. Hatari ya mazuku iko nchi kavu, upande wa Goma na Sake: gesi nzito inajikusanya kwenye mabonde madogo. Mkitembelea ndugu huko, watoto wasicheze mashimoni. Mamba hakuna katika Kivu. Kinachoua watoto wetu ni kuzama.

Kwa hiyo tushike haya:

– Waende asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Upepo unaotoka nchi kavu unasukuma ubao hadi katikati.
– Kila mtoto avae jile ya kuokoa maisha, hata anayejua kuogelea.
– Aanze kwa kupiga magoti. Akishazoea, asimame, miguu ikiachana, macho mbele.
– Akianguka, ashike ubao, asiuache. Ubao unaelea.
– Mtu mzima mmoja awaangalie bila simu mkononi.

Neno la mwisho ni juu ya wasichana. Kila siku wako ukingoni, wanachota maji na kufua nguo, lakini kuogelea tunawafundisha kaka zao tu. Kabla ya ubao, wajue kuogelea. Na likirimba ya kila kikundi iweke kando kidogo kidogo: jile mbili za kikundi, zikizungushwa nyumba kwa nyumba, zinatosha kuanza likizo hii.