Kweli au uongo: silika, boila na vali ya kumwagia

Sampuli ya maji kutoka boila la kuzalisha umeme huwa angavu kushinda maji ya dukani. Mgeni huinua chupa kwenye mwanga, akaridhika. Lakini silika, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo, ikishayeyuka haionekani, na porojo nyingi za zamu ya usiku huanzia hapo. Tuzipime.

"Mchanga hauchemki, kwa hiyo silika haipandi na mvuke."

UONGO. Kwenye presha ndogo, silika husafiri ndani ya vitone vya maji tu, na vitenganishi vilivyomo kwenye dramu, tangi la juu la boila ambamo mvuke huachana na maji, huvinasa. Presha ikizidi bar 40 hivi, mambo hubadilika: silika huyeyuka ndani ya mvuke wenyewe, kama chumvi inavyoyeyuka kwenye maji, na hapo hakuna kitenganishi kitakachoikamata. Mvuke ukifika kwenye turbaini na presha yake kushuka, hushindwa kuibeba tena. Huiacha kwenye mapanga ya turbaini ikiwa tabaka gumu la kioo, njia ya mvuke ikawa nyembamba na megawati zikapungua kidogo kidogo.

Ndiyo maana kiwango kinachozoeleka kwa mvuke ni gramu 20 tu za silika katika tani 1,000. Na ndiyo maana mwongozo wa ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, hubana silika ya maji ya boila kadiri presha inavyopanda: miligramu 150 kwa lita kwenye bar 20, miligramu 20 kwenye bar 60, na 2 tu kwenye bar 90. Fundi aliyezoea boila dogo la kiwandani akihamia kwenye kubwa, sharti asahau tarakimu zake za zamani.

"Kipimo cha upitishaji umeme kikisoma chini, tuko salama."

UONGO, na kwangu huu ndio mbaya kuliko wote. Silika iliyoyeyuka ni asidi dhaifu mno, haipitishi umeme wa kuhesabika. Resini za kusafishia maji zinapokaribia kuchoka, silika huwa ya kwanza kuponyoka, sindano ikiwa imetulia palepale. Maji ya visima vya maeneo ya volkano, yenye silika nyingi kwa asili, huzichosha haraka zaidi.

Dawa ni kuipima silika yenyewe. Tia molibdeti na asidi kwenye sampuli, subiri, rangi ya njano itokee. Ila fosfeti tunayoweka boilani kama dawa nayo hutoa njano ileile. Asiyeongeza asidi ya oksaliki kuiua njano ya fosfeti ataandika daftarini silika isiyokuwepo.

"Ukimwaga zaidi, boila linakuwa salama zaidi."

NUSU KWELI. Kumwaga maji ya boila, blodauni kwa lugha ya mafundi, ni hesabu. Maji yanayoingia yakiwa na miligramu 0.02 kwa lita na kikomo cha boila ni 2, unatakiwa kumwaga asilimia 1 ya yanayoingia. Yakipanda hadi 0.06, utamwaga asilimia 3. Haya ni maji uliyokwisha kuyasafisha kwa gharama na kuyapasha moto hadi nyuzi 311 za Selsiasi kwenye bar 100. Anayeacha vali wazi wiki nzima anaficha tatizo la resini iliyochoka, au kondensa, kipoza mvuke, inayovuja na kuingiza maji ghafi.

"Silika ikipanda, fungua vali ya chini."

UONGO. Vali ya chini ni ya kutoa tope. Silika iliyoyeyuka hutolewa kwa bomba la kumwaga mfululizo lililomo kwenye dramu. Tena kuiacha ya chini wazi kwa muda mrefu boila likiwa na mzigo kunaweza kuvuruga mzunguko wa maji kwenye mirija ya kuta za tanuru, na mrija uliokosa maji haukawii kuungua.

"Kushusha presha husaidia."

KWELI. Presha ikishuka, silika hupungukiwa na hamu ya kupanda na mvuke. Boila jipya hupandishwa presha kwa hatua, maji yakimwagwa hadi silika ishuke. Wakubwa wanaosubiri umeme hawapendi kulisikia hili.

"Tabaka likishaganda, asidi ya kawaida italiosha."

UONGO. Asidi ya kloridi hailiwezi. Ya floridi hulila, lakini pia hula mifupa ya binadamu. Mara nyingi turbaini hufunguliwa, mapanga yakasuguliwa moja moja.

"Chupa ya kioo ndiyo safi zaidi kwa sampuli."

UONGO. Kioo chenyewe ni silika, nacho huiachia polepole ndani ya maji. Beba ya plastiki.