Nani Aulizwe Kwanza?

Julai 2003, Wambui Otieno alifunga ndoa ya serikali jijini Nairobi na Peter Mbugua, fundi wa mawe. Bibi harusi alikuwa na miaka 67. Bwana harusi alikuwa hajafikisha 30. Kenya ilitikisika. Baadhi ya watoto wa Wambui walipinga waziwazi, na wasiomjua walimhukumu kama mtoto aliyetoroka nyumbani. Mwanamke mwenye wajukuu alikuwa amejichagulia mume bila kumwomba mtu ruhusa.

Mabishano hayakuwa mageni kwake. Ujanani alikuwa mwana Mau Mau, na wakoloni wakamweka kizuizini Lamu. Mwaka 1963 binti huyo wa ukoo wa Waiyaki, Mkikuyu, aliolewa na wakili Mjaluo, Silvano Melea Otieno. Mumewe alipofariki Desemba 1986, Wambui alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukakataa: Mjaluo huzikwa kwao. Maiti ilikaa mochari miezi mitano huku mawakili wakivutana. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kuzika, na Otieno akalazwa Nyalgunga, Siaya. Mjane hakwenda.

Ni rahisi leo kuuona ukoo kama adui katika kesi ile. Lakini ukoo huohuo ndio uliosomesha watoto wa wengi, ukalea mayatima na kumpokea aliyefukuzwa kazi mjini. Aliyekula jasho lao alitarajiwa kusikiliza neno lao. Uchungu wa Wambui ulikuwa wa kweli. Na uchungu wa wazee waliohisi wamenyang'anywa mtoto wao ulikuwa wa kweli pia.

Tangu hapo mizani imehama. Katiba ya 2010, katika ibara ya 45, inataka ndoa itokane na hiari ya wahusika na inawapa mume na mke haki sawa. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa ndoa zote, ziwe za kimila, za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu au za serikali. Vyumbani nako kumebadilika: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane, utafiti wa taifa wa 2022 ulipata 3.4. Idadi ambayo zamani mama mkwe aliisemea bila kificho sasa huamuliwa na wawili, au na mke peke yake akiwa kliniki.

Hata hivyo, kijana aliyejitafutia mchumba mtandaoni bado huunda kamati ya harusi na kutuma ujumbe wa michango kwa shangazi ambaye hajamwona kwa miaka. Mahari bado inapelekwa, wazee bado wanakaa. Wanaarifiwa zaidi kuliko wanavyoulizwa, na wanalijua hilo.

Ugumu hujitokeza ndoa inapovunjika. Zamani wazee waliounganisha ndio waliosuluhisha. Waliochaguana wenyewe mara nyingi huishia mahakamani. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa katika ndoa hauleti moja kwa moja nusu kwa nusu ya mali: kila upande huonyesha mchango wake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango, lakini nani huweka risiti ya miaka 15 ya kupika, kufua na kukesha na mtoto mwenye homa?

Sheria hiyohiyo inaruhusu wachumba kuandikiana mkataba wa mali kabla ya harusi. Wengi huona aibu kuugusia. Wazee wanaokalishwa siku ya mahari, ambao sasa hawana mchumba wa kumkataa, wangeweza kulianzisha jambo hilo, mbele ya pande zote mbili, kabla sufuria za pilau hazijatoka jikoni.